Hatua Tatu

Mwezi wa nane, Kalebuka, nyasi zimekauka
hadi zinanong'ona zenyewe.
Nimebeba karatasi kumi na nane zenye muhuri wa komini
na gundi ya unga wa bukari niliyoipika asubuhi,
nabandika lango kwa lango:

Asiyefyeka parseli yake kabla ya mwisho wa mwezi atalipa.
Anayetaka kuchoma aje kwanza ofisini aandikwe.
Achome alfajiri, kabla upepo haujaamka.
Azungushe ukanda wa udongo mtupu, hatua tatu.
Ndoo mbili za maji. Jirani apewe habari kwa mdomo,
si kwa moshi.
Marufuku chini ya nyaya za umeme. Marufuku matairi.

Hatua tatu za nani? akaniuliza Kyembe, fundi wa redio.
Sikuwa na jibu. Nikaandika pembeni: za mtu mzima.
Akacheka mpaka akakohoa.

Mama Numbi, yeye alikuja kuandikwa.
Wa kwanza na, mwaka huu, wa pekee.
Siku yenyewe alivaa kitenge cha kanisani
kana kwamba moto ni arusi.
Saa kumi na moja na nusu alikuwa ameshapiga jembe,
ukanda mwekundu umezifunga nyasi kama mshipi,
ndoo si mbili, nne,
na alikuwa amemgongea Kisimba dirisha:
Jirani, leo nachoma.
Kisimba akajibu toka ndani ya blanketi: Choma, mama.
Nilisikia. Nilikuwepo, daftari kwapani.

Moto uliwaka kwa adabu.
Ulikula mabua, ukala miiba, ukazunguka kichuguu
kama mgeni anayezunguka mkeka wa wenyewe.
Watoto walisimama na fimbo wakingoja panya,
maana panya wa kiangazi ana mafuta.

Ndipo akatoka mmoja.
Mgongo wake ulikuwa unawaka.
Hakuwakimbilia watoto, hakuziona ndoo.
Alivuka udongo mwekundu,
hatua zangu tatu, kwake labda mia,
akapenya chini ya lango la Kisimba
hadi kwenye rundo la mabua ya mbuzi.

Jiko la nje liliteketea, na baiskeli,
na magunia mawili ya makala
ambayo, angalau, yalijua kazi yao.
Masizi yakanyesha juu ya nguo za avenyu nzima.
Mbuzi alipatikana saa nne, kwa Kyembe, anatafuna waya.

Nikakaa ofisini mbele ya fomu.
Jina la mkosaji. Nambari ya parseli. Kifungu alichovunja.
Nikasoma kanuni mara mbili,
kanuni niliyoipiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili.
Sikumwandikia panya.
Kisimba amesimama dirishani, nyusi zimeungua: Andika mtu.
Mama Numbi yuko kwenye benchi, ndoo zake nne miguuni,
hasemi.
Shefu wa kartie anasema kila moto una mwenyewe,
kisha anatazama saa yake.

Niliandika: upepo.
Asubuhi ile hata jani halikutikisika.
Wote watatu walijua, nami nikagonga muhuri.

Kuna kanuni nyingine, haimo kwenye karatasi,
mama alinifundisha Kamalondo nikiwa mdogo:
usiseme moto umekufa
mpaka uweke kiganja juu ya jivu.

Jumamosi ya salongo niliwaona wakifyeka mpaka wao,
kila mmoja upande wake,
migongo imeinama, macho kwenye mizizi.
Panga likagonga panga, mara moja.
Wakanyooka. Yeye akafuta jasho kwa ncha ya kitenge,
Kisimba akatazama pale lango lilipokuwa.
Halafu nyasi zikaendelea kuanguka, huku na huku.

Mimi kiganja changu nilikiacha mfukoni.