Nyaya Nne

Tuovi Kankare aliingia na theluji viatuni,
gitaa mgongoni kama mtoto aliyekataa kushuka.
Jekundu. Alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza
wa kiwanda cha karatasi, hapa hapa Valkeakoski.
"Pikapu ya nyuma imekufa," akasema. "Nitafutie nyingine."

Si pikapu ya kubebea viazi;
hii hubeba mtetemo wa nyuzi.

Nikamwekea mbili mezani, juu ya gazeti la jana.
Hii, nikamwambia, sumaku yake ni ya aloi ya zamani,
haina haraka. Ukipiga, sauti huja imeshavaa koti.
Na hii ni ya kauri,
waya umezungushwa mpaka ukachoka.
Inauma. Vijana wenye nywele ndefu huipenda.

Ndani zote ni pacha: koili mbili,
moja imesukwa kwenda, nyingine kurudi,
ili mvumo wa umeme ukipita
huyu aseme ndiyo, yule aseme siyo,
na ugomvi uishie kwenye kimya.

Nikamuunganishia ya kwanza. Akapiga.
Ya pili. Akapiga, sikio la kushoto mbele.
Mimi meno yaliniganda;
yeye alitikisa kichwa: "Zote zimevaa soksi."
Miaka thelathini na moja kando ya mashine namba saba
imemlia noti za juu zote,
akaachiwa ukoko.

Tulikunywa kahawa. Ndipo akauliza, bila kuniangalia:
"Hicho kinachoua mvumo,
kinaua na wa humu?"
Akagusa sikio.
"Usiku na mchana, tangu nistaafu.
Kama jokofu la jirani aliyehama."

Nina bisibisi za kila namna.
Nina koleo la babu yangu.
Nikajitia kazini, nisiseme kitu,
na kwa mazoea tu nikamwonyesha:
hii ya kauri ina nyaya nne, unaona,
koili moja unaweza kuilaza, ikabaki moja macho.

Mvumo ukaingia chumbani,
mnene, ukajaa mpaka kwenye kikombe,
ule ule ambao watu hunilipa niufukuze.

Nikanyoosha mkono kuuzima.
Akaushika mkono.
"Acha."

Alikaa hivyo, gitaa pajani, hapigi.
Mabega yalimshuka polepole
kama ya mtu anayetua ndoo.
Nje gari la kusukuma theluji lilipita likarudi.
"Wangu siusikii," akasema. "Umeingia humo."

Kisha, kwa sauti ya mteja sasa:
"Na nisipopiga chochote, bado utakuwepo?"
"Hata usipopiga."
"Sumaku gani, umesema?"
"Kauri. Ile inayouma."
"Sijali inafanya nini," akasema Tuovi,
akitafuta pochi kwenye mifuko minne ya koti.
"Nitobolee tundu la swichi.
Liwe karibu na kidole gumba."