Lete Dubu

Mwanangu haogopi giza,
wala barafu ya ziwa inayolia usiku kama mbao zikipasuliwa.
Anaogopa kuchekeshwa.

Mjomba wake Kalervo akianza kile kisa cha dubu
aliyejifungia bafu la mvuke,
Tuukka hushika kwanza ukingo wa meza.
Magoti humkana kabla kicheko hakijafika mdomoni.
Anateleza chini, macho wazi, akitusikia sote,
kama koti lililochoka msumari.

Darasani husinzia, na penseli yake huendelea,
mistari mitatu, minne, ya lugha isiyo na mtu.

Mwaka ule wa homa nilikuwa muuguzi wa shule, Iisalmi.
Foleni hadi mlangoni, mikono ya masweta imekunjwa.
Kinga ni bora kuliko tiba, niliwaambia.
Niliamini. Naamini.
Wa kumi na saba alikuwa wangu.
"Itauma?"
"Kidogo tu," nikasema.

Kuopio, daktari Lehtovaara alichora ubongo nyuma ya bahasha.
Hapa, alisema, mahali padogo kuliko punje ya shayiri,
palikuwa na chembe zinazoshika zamu ya kukesha.
Askari wa mwili walifundishwa sura ya adui,
wakaifananisha na ya mlinzi wa nyumba.
Ni nadra. Mmoja katika maelfu.
Alisema kweli, sikumchukia.
Ila asubuhi ile sikuwapikia uji maelfu.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa;
na nguo ikiwa imeshonwa ndani ya ngozi,
unaivuaje?

Wapo wanaonipigia simu
wakitaka nimpandishe Tuukka mlingotini kama bendera.
Nawakatia.
Wapo wanaotaka tunyamaze, tusije tukatisha watu.
Na hao nawakatia.

Oktoba hii bado nachoma sindano.
Mama yake Venla aliuliza, nikamwambia yote,
hata lile dogo, hasa lile dogo,
na surua nayo inavyoua, nikamwambia.
Alitazama theluji dirishani kitambo.
Kisha akamkunjia binti yake mkono wa sweta.
Vidole vyangu vilitetemeka. Sindano haikutetemeka.

Jana Kalervo alikuja na samaki wa kuvuta moshi.
Tuukka, kumi na tisa sasa, ndevu zinamjaribu,
akasogeza kiti pembeni,
akaketi sakafuni kabisa, mgongo ukutani,
miguu ameinyoosha mbele
kama mtu aliyekwisha kuanguka.

"Haya, Mjomba," akasema.
"Lete dubu."