Imezimwa, Haijazimika

Nimezima. Ufunguo huu hapa kiganjani, wa moto,
na Kresida bado inatikisika
kama mtu aliyeambiwa basi, na neno analo.
Kuh. Kuh-kuh. Boneti inaruka, kioo kinalia,
petroli mbichi inanukia mpaka kooni,
halafu kishindo kimoja, na kimya.
Sekunde kumi na moja leo. Jana tisa.

Wadi Kabir, saa nane mchana, mwezi wa Juni.
Milima nyuma ya gereji inalipwa jua
na chenji yake inatutupia sisi.
Sudhakaran anafuta mikono kwa kipande cha kanzu ya mtu.
Kiswahili chake amekiokota kwetu, wateja,
kwa hiyo kimejaa bei na matusi madogo.
"Washa," anasema. Nawasha. "Zima. Usiguse kitu.
Msikilize." Gari anaiita yeye. Simsahihishi.

Anang'oa waya wa koili kwa mkono mmoja.
Cheche hakuna, na yeye bado anakohoa.
"Umeme hana kosa. Huyu anawaka bila kuwashwa."
Juu ya vumbi la boneti anachora silinda,
ndani yake pistoni, juu ya pistoni nukta: masizi.
"Chetezo unajua? Mkeo kamaliza kufukiza,
kaa bado jekundu chini ya jivu.
Tia udi, moshi. Petroli ndiyo udi wake."

Basi ama anyimwe udi,
ama kaa litolewe.

Shavuni mwa kabureta kuna kivalvu cha shaba,
kazi yake kufunga njia ufunguo ukitoka.
Ukiwasha kinatakiwa kiseme tk.
Anatega sikio kama anayesikiliza tikiti maji.
Nawasha. Hakisemi.
"Na skrubu hii nani kaikaza? Anasimama huku anakimbia."
Mimi. Kiyoyozi kilikuwa kinamlemea.
"Petroli gani?"
Ya rahisi.
Ananitazama alivyonitazama daktari wa kisukari
siku ile nilipoingia na halua kwenye masharubu.

Plagi nne anazipanga kwenye gazeti la Kimalayalam,
tatu nyeupe kama chaki kwa joto,
ya nne imevaa joho jeusi.
Nazitazama, na sijui kwa nini namwambia:
nilistaafu Machi, Sudhakaran, miaka thelathini na moja Fahud,
na kila siku saa kumi alfajiri nimeshafunga kamba za buti,
nimesimama nje ya geti kungojea basi
ambalo sasa linapita barabara nyingine.
Ghaniya hufungua dirisha la juu, nywele zimefumuka.
"Mbarak," husema, "umestaafishwa. Hujastaafu."

Hajibu. Anatafuta spana namba kumi.

Kivalvu anakitoa kwenye Datsun iliyokufa uani,
skrubu anairudisha nyuma robo, na robo tena,
kisha, injini ikinguruma, maji kwa kikombe cha chai
tone, tone, kinywani mwa kabureta.
Ekzosi inatapika wingu jeupe lenye vipande vyeusi,
na yule wa matairi ng'ambo ya njia anatoka
akilaani kwa lugha tatu, nguo zake ziko kambani.

"Sasa zima."

Nazima.
Kimya kinafika haraka hivi
mguu wangu unabaki kwenye breki, hauna habari.
Nasikia feni ya dukani. Nasikia chuma kikipoa, ti, ti.
Kisha, kutoka chini kabisa:
kuh.

Namgeukia. Anakunja gazeti na masizi yake.
"Hiyo moja mwachie," anasema.
"Gari ya zamani, moja haki yake.
Riali kumi na nne. Na wewe, ukiamka saa kumi,
usivae buti. Kaa kitandani, kohoa kidogo."

Nimelipa kumi na tatu.