Upindo wa Joho

Mjumbe alinikuta Kariokor, saa nne kasoro,
sare za watoto wa shule zimerundikana juu ya cherehani.
"Mama Nafula, beba sindano. Meya mpya ni mfupi."

Nikavuka daraja, nikakata River Road,
tepu shingoni, vifungo vikicheza mfukoni.

Waliniketisha chumba cha nyuma ya ukumbi wa baraza,
pale wanapotupa viti vya miguu mitatu
na picha za mameya ambao hata bawabu hawajui.
Mlango haufungi sawasawa.
Kwa hiyo niliyasikia yote.

"Hoja ya nidhamu, Bwana Mwenyekiti!"
Meza zikapigwa.
Diwani wa Kayole akauliza habari ya maji.
Akajibiwa: maji yamo kwenye ajenda, kipengele cha tisa.
"Watu wangu hawanywi ajenda," akasema,
ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka,
sindano ikanichoma kidole.

Kisha kura. Karatasi zikikunjwa, zikikunjuliwa.
Karani wa jiji alihesabu kama mtu anayehesabu mayai:
thelathini na moja,
ishirini na nane,
na moja imeharibika,
mpigaji amechora kikombe cha chai.

Mheshimiwa Kyalo akaingia, joho jekundu likimburura.
Akavuliwa mkufu kwanza.
Mpambe wake, aliyekuwa akimfungulia milango hadi asubuhi ile,
aliukagua pete kwa pete mbele ya macho yake,
kama mwenye duka na chenji ya mtoto.

Mimi nilimjua kwa kiuno.
Mwaka alioingia, inchi thelathini na nne.
Mwaka uliofuata niliachia mshono.
Mwaka huu niliachia tena.
Leo alisimama na shati lililoloa mgongoni
na hakuna aliyeniambia nipime.

"Fundi," akanong'ona, "ule mfuko."
Mfuko alioniomba nimshonee kwa siri,
ndani, upande wa moyo.
Nilidhani ni hela. Mungu anisamehe.
Peremende mbili za kikohozi,
na orodha, kwa mwandiko wake mwenyewe:
wachuuzi wa Muthurwa waliobomolewa vibanda,
majina hamsini na mawili,
alama ya vema mbele ya matatu.

Nilitafuta jina la dada yangu. Lilikuwa la kumi na tisa.
Halikuwa na vema.

Akachukua peremende.
Karatasi akairudisha mfukoni, akaupapasa mfuko mara moja,
akatokea mlango wa jikoni.

Dakika ishirini, waliniambia.
Nikafumua upindo, nikakutana na walionitangulia:
uzi mweusi, uzi wa kahawia, uzi wa rangi isiyo na jina,
na chini kabisa mishono midogo kama mchele
ya fundi mmoja wa zamani, Mhindi wa Biashara Street,
aliyeshona kwa mkono na hakuwahi kukosea.
Joho halikatwi. Hukunjwa tu.
Ajaye huenda akawa mrefu.
Marehemu mama angesema nguo ya kuazima haisitiri matako,
lakini mama hakuwahi kuona nguo nzito namna hii.

Bwana Odindo aliingia akitabasamu na kila kitu,
hata na viti vilivyovunjika.
Nikapiga magoti, pini mdomoni, nikapima hadi kisigino.
Nilitaka kumwambia habari ya mfuko.
Pini zilikuwa mdomoni.

Nikachungulia kwenye ule mwanya wa mlango.
Alipoapa, aliweka mkono kifuani,
karatasi ikalia kidogo, kwaru,
na akasita katikati ya neno "uaminifu"
kama mtu aliyesikia panya darini.
Akaendelea.
Makofi.

Vocha yangu, karani alisema, ni ya utawala uliopita.
Nije Jumatatu.
Nilirudi Kariokor kwa sare zangu,
kaptura kumi na nne, zote za watoto wanaorefuka,
nikaziachia upindo mpana.