Jumapili ya Guta

Jumapili silibebeshi kitu.
Kengele za Kizota zinaita, Mbeleje
amekwisha jifunga khanga mpya, ameniacha na beseni,
spana namba kumi na nne, na kopo la oili chafu
niliyoomba kwa mafundi wa malori.

Nalilaza ubavu kando ya ukuta.
Guta likilala hivi ni kama ng'ombe
anayengoja sindano ya bwana mifugo:
gurudumu moja juu, linanitazama, haliniamini.

Vumbi kwanza. Upepo wa Agosti
umeipaka cheni unga mwekundu,
unga na oili vimeoana, vimezaa ugali mweusi
katikati ya kila jino.
Naukwangua kwa kijiti cha mswaki, pingili kwa pingili.
Nikifika themanini hupotea hesabu.
Naanza upya. Leo hakuna wa kunihimiza.

Kisha mpira wa ndani. Nauzamisha,
naukamua polepole, sikio chini,
kama asikilizaye tumbo la mtoto.
Kimya.
Kimya.
Bwi-bwi-bwi, pale pale kando ya kiraka cha Nkuhungu.

Ndiyo, viraka vyangu vina majina.
Hicho cha Nkuhungu ni mwiba wa mgunga,
madumu kumi na sita ya maji ya msibani;
walinilipa uji, nikanywa nimesimama.
Cha Mailimbili ni chupa ya soda, sina la kusema.
Hiki kipana alikikata Ndahani, fundi wangu,
siku niliyompeleka hospitali na kitanda chake.
Pancha ilitupata njiapanda. Akaomba mkasi,
akakata hapo hapo alipolala, akapiga msasa,
akapuliza solusheni kwa pumzi aliyobakiwa nayo,
akanirudishia: "Twende, dereva. Polepole.
Mzigo huu hauna risiti."

Kiraka bado kimeshika.

Mwisho gololi. Naziogesha mafuta ya taa
kwenye kifuniko cha sufuria, zing'ae,
na kuku wa Mama Mlewa anakuja, shingo upande,
akidhani nimemwaga mtama wa aina yake.
Namfukuza. Nageuka kuchukua grisi.
Zilikuwa kumi na nane.
Nahesabu: kumi na saba.
Namtazama kuku. Kuku ananitazama.

Mbeleje amerudi, anauliza kama nimesali.
Namwonyesha mikono.

Basi kesho alfajiri, na kreti za zabibu mgongoni mwa guta,
nikisimama juu ya pedali kuupanda mwinuko wa reli,
kitu kitagonga ndani ya ekseli, tk, tk,
kila pengo litakapopita chini.
Na nyuma ya ukuta wetu, kwenye boksi la sabuni,
kuku wa Mama Mlewa atakaa kutaga,
akishangaa uzito.