S ya Mwisho

Thiers, mji wa visu, Januari,
jiko la makaa likikohoa pembeni mwa darasa,
Bi Huguette Chassaing anaandika ubaoni:
rentrer. Kurudi nyumbani.
Kitenzi kitiifu, anasema, hakina kiburi,
hakijibadilishi mwili ovyo kama kwenda au kuwa.
Kisha anawakaririsha kanuni, rula ikigonga meza:

Chukua kitenzi chote, usikikate mkia,
bandika miisho yote ya siku zilokimbia,
mwili wa kesho upate na jana kusalimia,
aliye mbali umwite, huenda akasikia.

Je rentrerais. Tu rentrerais.
Watoto thelathini, vidole vimevimba kwa baridi,
wanakariri kama wanaohesabu vijiko.

Kwetu shaka hukaa tumboni mwa neno:
ningerudi, ungerudi.
Mtu huisikia kabla kitenzi hakijatua,
akapata nafasi ya kujikaza.
Kwao hukaa mkiani, tena ni bubu.
Nitarudi na ningerudi
hutoka kinywani mwa mnoa visu kwa sauti moja;
ni herufi moja tu, s, iliyosimama mlangoni
kama mgeni asiyepiga hodi.

Bi Huguette anaijua s hiyo.
Miaka tisa iliyopita, chini ya bakuli la kahawa,
kwenye karatasi ya kufungia visu, ingali na mafuta,
Anselme aliandika kwa penseli ya karakana:
Je rentrerais dimanche.
Ningerudi Jumapili.

Anselme, aliyeacha shule ana miaka kumi na mmoja,
aliyenoa vyuma amelala kifudifudi juu ya gurudumu,
mbwa amemlalia miguuni kumpa joto,
aliyeandika hata jina la mtaa wake kwa kubahatisha.
Lilikuwa kosa?
Mkono ulichoka, s ikaruka kama cheche?
Au siku hiyo, mara moja maishani,
aliandika sahihi kabisa?

Ningerudi, kama nini?
Sentensi imekatika, upande wa pili hauna mtu.
Kama mto Durolle ungepanda mlima.
Kama ungeniuliza.
Kama usingenisahihisha mezani, mbele ya mama yangu,
kijiko kikiwa bado mdomoni.

Usiku ule aliishika kalamu nyekundu.
Ncha ikaelea juu ya herufi,
wino ukadondoka pembeni, doa la ukubwa wa dengu.
Hakuikata.
Jumapili ikapita, na nyingine, na ile ya Pasaka.

Nous rentrerions, wanakariri watoto.
Tungerudi: neno hilo halikuwahi kutamkwa nyumbani kwake,
wala hajui lingekaa kiti gani.
Vous rentreriez.
Ils rentreraient, na hapa sauti zinalegea,
kwa kuwa wao ni wengi na wako mbali
na kengele i karibu kulia.

Firmin Dozolme, mtoto wa mchonga mipini,
ananyoosha kidole chenye wino:
"Mwalimu, kama haisikiki, ni ya nini?"
Darasa linacheka. Jiko linakohoa.
Bi Huguette anafuta chaki kwenye mkono wa sweta,
anafuta tena, pasipo na chaki.
"Ni ya anayesoma," anasema,
"akiwa peke yake."

Jioni anasahihisha madaftari.
Firmin ameisahau s mara nne.
Ya kwanza anaikata msalaba.
Ya pili. Ya tatu, karatasi inakaribia kuchanika.
Ya nne anaitazama mpaka utambi unaanza kutoa moshi:
Je rentrerai.
Nitarudi.
Anapuliza wino uliokwisha kukauka,
analifunga daftari polepole,
kosa likiwa ndani, zima.