Zamu ya Maji

Nililazwa KCMC, kitanda cha dirishani,
ulimi mzito. "Baba yetu" niliianza mara tatu,
ikakatikia njiani.

Kule Kidia, mama Aikaeli
alipelekewa jina langu tu, bila maelezo.
Saa tisa usiku, zamu yake ya mfongo:
akazibua tope na magome ya mgomba,
maji yakashuka shambani,
naye, magoti yameloa, akanitaja.

Alfajiri homa ilikuwa palepale.
Hofu ndiyo sikuiona.
Mkono wa kuume wa Baba
yuko aombaye asiye na zamu,
na jina langu limo kinywani mwake.

Nilipotoka nilimpelekea kilo ya sukari.
"Ya nini?" akacheka.
"Mimi nilifungua tu. Maji si yangu."